Jiko Kwenye Baraza la Wodi ya Wazungu

Kuna sentensi moja ambayo, tangu nistaafu, imenikera kuliko malaria. Nimeisikia sokoni Kasese, nimeisikia kanisani Bwera, nimeisikia hata matangani, mahali ambapo mtu angetarajia watu waseme mambo yenye uzito: "Wakati wa Mzungu, hospitali ilikuwa hospitali." Anayeisema kwa kawaida amezaliwa baada ya bendera ya Mwingereza kuteremshwa, na huisema akitikisa kichwa kwa huzuni kama mtu aliyenyang'anywa mali yake mwenyewe.

Mimi nilikuwapo. Niliajiriwa kuwa karani mdogo katika hospitali ya serikali, upande wa Kasese, katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na nilistaafu nikiwa katibu wake. Jina la hospitali sitalitaja, kwa kuwa wahusika wa habari hii wako hai na baadhi yao bado hunisalimia. Naandika kwa sababu kisa cha jiko kimekuwa kikisimuliwa vibaya. Wengine husema niliongoza uasi. Sikuongoza uasi wowote. Niliulizwa swali, nikalijibu.

Nianze na hali ilivyokuwa zamani, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Hospitali ilikuwa na wodi za aina tatu. Wodi ya Wazungu ilikuwa nyumba ndogo yenye baraza pana lililozungushiwa wavu wa kuzuia mbu, na vitanda vyake mara nyingi vilikuwa vitupu. Nyuma yake palikuwa na wodi ya Wahindi, ya wafanyabiashara na jamaa zao. Halafu zilifuata wodi ndefu za Waafrika, ambako vitanda vilijaa na wengine wakalala juu ya mikeka katikati ya vitanda. Daktari Mkuu, Mwingereza mwenye kaptura ya kaki na soksi zilizofika magotini, alikagua kila asubuhi. Dresa, msaidizi wa kufunga vidonda, alimtangulia, shuka zikavutwa zikanyooka, na mgonjwa aliyejiweza akaketi wima. Ndugu za wagonjwa hawakuruhusiwa ndani. Walikaa nje ya ua wa minyaa, mvua ikiwanyea, wakisubiri kipande cha reli kigongwe kuashiria saa ya kuwaona wagonjwa. Hiyo ndiyo nusu ya mambo ambayo kila mtu huikumbuka, hata wale ambao hawakuwapo.

Nusu ya pili ni hii: hospitali ilimlisha mgonjwa. Nyuma ya wodi palikuwa na jiko la matofali, mpishi aliyeajiriwa rasmi pamoja na wasaidizi wake, na bustani iliyolimwa na wafungwa chini ya ulinzi wa askari jela. Juu ya kila kitanda kilitundikwa kibao chenye maneno ya aina moja kati ya tatu: chakula kamili, nusu chakula, au maziwa. Daktari aliandika, mpishi akapika kwa kufuata vibao. Chakula chenyewe sikisifu. Posho, yaani unga wa mahindi uliosongwa, ilikuwa ngumu, maharage yalikuja na wadudu wake, na katika wodi ya Wazungu hakuna aliyeonja hata kimoja kati ya hivyo viwili. Mfumo ule ulikuwa wa dharau, nalisema hili bila kusita. Lakini dharau ile ilikuwa na hesabu yake: ukimfukuza anayempikia mgonjwa, pika wewe.

Miaka ya utawala wa wanajeshi, posho ilikoma kuletwa. Mpishi alikwenda zake, na masufuria makubwa ya hospitali yaliondoka kwa miguu ambayo hatukuiona. Ndugu za wagonjwa wakaanza kupika popote: chini ya madirisha, kando ya chumba cha maiti, na mara moja mlangoni pa stoo ya dawa. Ndipo mimi, nikiwa katibu, nilipoomba mabati na nguzo, nikasimamia ujenzi wa banda la kupikia karibu na lango la nyuma. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu nimesikia ikisemwa kwamba banda lilijengwa na wamisionari. Wamisionari hawakulijenga.

Sasa nifike kwa dada yangu. Baba yetu alikuwa polisi kutoka mbali, na sisi tulikulia kambini, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani. Ndiyo sababu mimi na dada, wazee tulivyo, bado tunagombana kwa Kiswahili, na tena chake ni cha kambini hasa. Yeye aliolewa Kitswamba, akafiwa na mume, akabaki na shamba la mahindi na pamba. Alipenda kusema kwamba shamba ndilo mume wa pili, na kwamba huyu afadhali, kwa kuwa hanywi. Miaka michache baada ya mto Nyamwamba kuifurikia Kilembe, aliteleza mtaroni akiwa na mzigo wa kuni na akavunjika mfupa wa paja.

Alilazwa katika hospitali ile ile niliyoitumikia. Mguu ulifungwa kamba, kamba ikapitishwa juu ya gurudumu mwisho wa kitanda, na kwenye ncha yake ukaning'inizwa mfuko wa mchanga ili kuuvuta mfupa unyooke. Daktari alieleza vizuri: akae hivyo kwa majuma mengi bila kushuka, na mfupa utaunga. Akitoka mapema, mguu utaunga umepinda, na hatashika jembe tena. Kwa mwanamke ambaye shamba ndilo mume wake, hukumu hiyo haikuhitaji ufafanuzi.

Aliyemhudumia alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe, binti wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Huyu binti alilala chini ya kitanda cha mama mkwe na alimpikia bandani asubuhi na jioni. Mambo yalikwenda sawa mpaka asubuhi moja aliponipigia simu nikiwa nyumbani kwangu Bwera, akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambamo ofisi ni biro.

"Papa, kuya mbio! Batu ya biro bamefunga jiko. Na mama iko analia."

Dada yangu halii. Nilipanda gari la kwanza.

Nilikuta mlango wa banda umetiwa kufuli, na tangazo la Kiingereza limebandikwa juu yake. Mbele ya mlango alisimama mlinzi wa lango, mwanajeshi mstaafu ambaye kila mtu alimwita afande, naye akamwita kila mwanamke mama, na ambaye hakuwahi kufanya jambo asiloamriwa wala kuacha aliloamriwa. Akina mama walikuwa wamemzunguka na masufuria yao.

"Oda ni oda! Toa hii sufuria, mama!"

"Na maharage iko nusu mbichi?" mmoja akauliza.

"Hata hiyo maharage nayo itatoka. Mbele tembea!"

"Itatembea namna gani, wewe? Imepata miguu?"

Wakacheka, lakini walitoka. Tangazo lilisema, nami nalifasiri kwa uaminifu, kwamba kuanzia siku hiyo ilikuwa marufuku kupika katika banda la nyuma, na marufuku kwa ndugu kukaa wodini nje ya saa za kuwaona wagonjwa. Chini yake kulikuwa na sahihi ya msimamizi mkuu wa hospitali.

Niliingia wodini. Saa ya kuwaona wagonjwa ilikuwa bado, lakini nesi alinifahamu akatazama pembeni. Dada alikuwa amelala chali, mguu juu.

"Kaka, hapa nimefungwa kama mbuzi ya Krismasi," alisema. "Tofauti ni moja. Mbuzi wanaipa majani."

Wagonjwa wenye miguu yao walikuwa wametoka kwenda kutafuta chai nje ya lango. Yeye hakuweza. Alikuwa amemeza vidonge vya maumivu bila kitu tumboni, na vidonge vilikuwa vimerudi.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini. Ofisi ya msimamizi mkuu, msomaji ajue, ndiyo iliyokuwa wodi ya Wazungu. Wavu wa baraza umekwisha zamani, lakini sakafu nyekundu ni ile ile, na mpaka leo nikiikanyaga hujikuta nikitazama viatu vyangu, maana ujanani mwangu karani Mwafrika alipokelewa karatasi zake kwenye ngazi ya chini.

Msimamizi alikuwa mtu wa makamo mwenye shahada ya usimamizi na adabu nyingi mno. Adabu ya namna ile ni kama ukuta uliopakwa mafuta: huna mahali pa kushika.

"Mzee wetu! Wewe ndiyo mtu nilikuwa ninatafuta. Wakaguzi wanatoka Kampala. Ninataka wakute hospitali kama zamani. Ile nidhamu yenu!"

"Nimekuja kwa ajili ya banda."

"Ndiyo, ndiyo. Moshi, takataka, watu wanalala chini ya vitanda. Wakati wa Mzungu hiyo kitu ilikuwako?"

"Haikuwako."

"Unaona sasa!"

"Haikuwako kwa sababu hospitali ilipika. Je, hospitali itapika?"

"Mzee, chakula ni kazi ya familia."

"Na familia iko wapi?"

"Nje ya geti."

"Itapika wapi, huko nje ya geti?"

"Ah, mzee," alisema kwa upole, akininyooshea mkono wa kuniaga, "hiyo ni kitu ndogo. Watajipanga. Lakini kesho nina mkutano wa watumishi wote. Kuja utuambie hospitali ilikuwa inaendeshwa namna gani wakati wa ukoloni. Watu wasikie kutoka kwa mtu alikuwako."

Nilikubali. Niliamini, baada ya maisha marefu katika utumishi wa umma, kwamba jambo likielezwa lote, kwa mpangilio, mbele ya watu wenye akili timamu, litaeleweka. Jioni ile, saa ya kuwaona wagonjwa, mkwe alimletea dada ndizi mbivu alizonunua njiani. Nilimsihi dada avumilie, kesho yake ningelimaliza.

Kesho yake nilivaa koti. Watumishi waliketi kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wa chakula, ambao kwa sasa hautoi chakula. Nilianza na ukaguzi wa asubuhi, shuka, kipande cha reli, na ua wa minyaa. Walipiga makofi. Msimamizi alipiga makofi akiwa amesimama. Nikasema, "Sasa nifike kwenye jiko," nikaeleza habari ya mpishi, bustani na vile vibao vya chakula kamili, nusu chakula na maziwa. Nilikuwa naelekea kwenye hoja yenyewe, kwamba haiwezekani kurudisha kufuli ya mkoloni bila kurudisha sufuria yake, ndipo msimamizi alipoinua kidole na makreti ya soda yakaingizwa. Hakuna sauti ya mwanadamu inayoshinda chupa za soda zikifunguliwa mbele ya watu walioketi tangu asubuhi. Niliendelea. Nilihutubia visogo. Mwishoni msimamizi alinishukuru: "Mzee ametukumbusha nidhamu. Usafi! Saa! Oda!" Wakapiga makofi tena, na mimi nikapewa soda ya machungwa.

Nilirudi kwa dada nikiwa na hasira ambayo umri wangu haukuiruhusu.

"Umewaambia?" aliuliza.

"Nimewaambia."

"Wakasema nini?"

"Wamepiga makofi."

"Kaka, makofi inaliwa na nini? Na mboga gani?" Kisha akacheka, na kicheko kikaufikia mguu, akauma meno. "Sikiliza. Kesho jioni kijana wangu anakuja na panga. Atakata hii kamba, ananipeleka Kitswamba kwa ule mzee anaunga mifupa. Nikipinda, nipinde. Lakini nitapinda nikiwa nimeshiba."

Nesi alisikia. "Mama, ukitoka sasa huo mguu umeisha," alisema.

"Na nikikaa? Tumbo nayo haijaisha?"

Nesi aliurekebisha mfuko wa mchanga uning'inie sawa, jambo ambalo naliandika hapa kwa heshima yake.

Nje, mkwe alinishika mkono wa koti akanipeleka mpaka kwenye tangazo. Hakusoma Kiingereza.

"Papa, unisomee hii karatasi. Yote. Usirukie kitu."

Nilisoma na kufasiri neno kwa neno.

"Banasema banda, na banasema wodi. Tena nini?"

"Basi. Ni hivyo tu."

"Habasemi inje ya wodi?"

"Hawasemi."

"Na pale kwa baraza ya biro? Banasema kitu?"

Nilimjibu jinsi nilivyowajibu watu kwa miaka yote ya kazi yangu, kwa mujibu wa maandishi. Nilisema kwamba mahali pale hapakutajwa.

"Merci, Papa," alisema, akakaza kitenge chake kiunoni. Huo ndio uasi wangu wote.

Nilipofika asubuhi iliyofuata niliuona moshi kabla sijafika langoni. Kwenye baraza la wodi ya Wazungu, juu ya sakafu ile nyekundu, mafiga yalikuwa yamepangwa kwa safu iliyonyooka ambayo Daktari Mkuu mwenyewe angeisifu. Akina mama walikuwa wamechuchumaa wakikoroga uji na kutokosa ndizi, na mkwe wetu alikuwa mbele kabisa, sufuria yake imeinjikwa karibu na mlango wa msimamizi. Mlinzi alisimama kando yao, wima, amebeba ndoo ya maji.

Msimamizi alitoka akikohoa, leso puani.

"Afande! Unaona nini hapa?"

"Ninaona moto, bwana mkubwa."

"Na umefanya nini?"

"Nimelinda, bwana mkubwa. Isiingie kwa makaratasi yako." Akainua ndoo kidogo kuthibitisha.

"Ondoa hawa watu!"

"Oda iko wapi, bwana mkubwa? Oda ya kwanza inasema bandani na wodini. Hapa si banda. Hapa si wodi."

Msimamizi alinigeukia. Nadhani ndipo alipokumbuka hotuba yangu, ile nusu aliyoisikia. "Hapa ni wodi!" alisema kwa sauti ya mtu aliyeokoka. "Mzee mwenyewe alisema jana. Hii ilikuwa wodi ya Wazungu. Ni kweli ama si kweli, mzee?"

Kumbukumbu ni kumbukumbu. "Ni kweli," nilisema.

"Umesikia, afande? Ni wodi! Fanya kazi!"

Mlinzi aliweka ndoo chini. Alifikiri, na uso wake ulionyesha kwamba anafikiri. Kisha akapiga mguu chini.

"Kama ni wodi, bwana mkubwa, oda inasema mutu asiye mgonjwa atoke. Saa ya kuona wagonjwa bado. Wewe pia toka."

Sijui kama alitania. Nimemfahamu kwa miaka mingi na bado sijui. Akina mama walicheka mpaka mmoja akamwaga uji, na mkwe wetu akasema, "Bwana Direktere, ama ulale hapa, tukupikie na wewe."

Nilitumia nafasi hiyo, na safari hii hapakuwa na soda. Nilimwambia msimamizi kwamba wodi ya Wazungu ilikuwa ndiyo wodi iliyolishwa vizuri kuliko zote. Kwamba achague: awape wagonjwa chakula kisha awaondoe ndugu zao, au awaache ndugu wapike. Nilimwambia kwamba jioni ile mgonjwa mmoja angekatwa kamba na kutolewa akiwa na mguu ambao haujaunga, na kwamba mgonjwa huyo ni dada yangu, na kwamba sikusema hivyo tangu mwanzo kwa sababu sikutaka jambo la umma lionekane la binafsi. Alinisikiliza. Kwa mara ya kwanza hakuwa na adabu, na nilimpenda zaidi hivyo.

"Mzee, mimi nitafanya nini? Bajeti ya chakula nitatoa wapi?"

"Hujaombwa chakula. Umeombwa ufunguo."

Wakati huo simu yake ililia. Alizungumza Kiingereza kifupi, akasema ndiyo, ndiyo, akairudisha mfukoni. Wakaguzi hawakuwa wanakuja. Labda mwezi mwingine. Alitazama mafiga, akatazama kuta zilizokuwa zimepakwa rangi kwa ajili ya wageni na sasa zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi, akatoa ufunguo, akampa mlinzi.

"Hiyo ni oda, bwana mkubwa?" mlinzi aliuliza.

"Ni oda."

Uji ulihamishwa ukiwa bado unachemka. Dada alikula akiwa amelala chali, mkwe akimlisha kwa kijiko, na alipomaliza alilalamika kwamba chumvi haitoshi. Mwanawe alifika jioni akiwa na panga kwenye gunia. Alitumwa akakate kuni.

Niliomba, kwa mdomo na kwa maandishi, amri ile ifutwe rasmi. Niliambiwa haina haja, kwa kuwa banda limefunguliwa. Nilieleza tofauti kati ya amri iliyofutwa na amri isiyofuatwa. Niliambiwa, "Mzee, pumzika." Hakuna neno linalomchosha mstaafu kama hilo.

Mfupa uliunga. Siku ya kutoka, dada alipita polepole kwenye njia ya lango la nyuma kwa fimbo, mkwe upande mmoja na mimi upande wa pili. Mguu ulikuwa mwembamba lakini ulikuwa umenyooka, na tayari alikuwa akiuliza kama pamba imepaliliwa. Mbele ya banda, lililokuwa limejaa moshi, alisimama. Tangazo lilikuwa bado limebandikwa mlangoni, limepauka kwa jua, na mtu alikuwa ametundika mwiko kwenye msumari wake.

"Hii ndiyo ile karatasi? Nisomee."

Nilimsomea yote, pamoja na sahihi.

"Na haijatoka? Bado inafanya kazi?"

"Kisheria, bado."

Alitafakari huku akiegemea fimbo. "Basi kulingana na hii karatasi, mimi nilikufa njaa," alisema. "Twende Kasese. Kabla hawajanizika, ninataka samaki ya ziwani Hamukungu, ile kubwa, na wewe ndiyo unanunua."